Kuanguka Mkarafuu, Paja Likavilia Damu

MARYAM: Asalaam alaykum wasikilizaji. Leo Khamis kakaa upande mmoja kama jahazi lililopakiwa vibaya. Hebu nambie, mtu wa ofisini ulikuwa unatafuta nini juu ya mkarafuu?

KHAMIS: Waalaykum salaam. Nlikwenda shamba kwa mzee, huko Wete, nkaona vijana wanapanda nkasema nami nipande. Sasa mkarafuu we waujua, tawi lake halipindi kwanza likakwambia nakatika, linakatika tu, kah! Nkaja chini, paja likapiga kwenye kisiki.

MARYAM: Uuwi! Urefu gani?

KHAMIS: Kama kimo cha mlango. Nkapigwa eksirei, mfupa alhamdulillah mzima. Kurudi nyumbani bibi kashateleka maji ya moto, ati anikande na anichue damu itawanyike.

MARYAM: Enhe, na ndo kila nyumba hivyo hivyo. Vimishipa vidogo vimepasuka, damu inavuja ndani ya nyama, we unatia moto na kuchua, si ndo unaifungulia mfereji? Tena paja likipigwa sana ukalichua mapema, mfupa unaweza kuota ndani ya msuli.

KHAMIS: Mfupa? Ndani ya nyama?

MARYAM: Wallahi. Siku 2 au 3 za mwanzo ni barafu, zile pakti za kwa jirani, unaifunga kwenye kanga maana ikigusa ngozi tupu inaunguza, dakika 15 mpaka 20 unatoa, baada ya masaa mawili matatu unarudia, na mguu uko juu ya mito. Maumivu meza panado, asprini achana nayo, inazuia damu kuganda.

KHAMIS: Bibi alininunia siku nzima. Lakini kilichontisha ni siku ya 4, naamka weusi umeshuka mpaka gotini na huko sikupiga kabisa, nkajua basi mguu unaoza.

MARYAM: Damu inateremka tu, kama maji. Mwili unaivunja kidogo kidogo, zambarau, kijani, mwisho manjano, ile manjano ni bilirubini, hiyo hiyo inayomtia mtu macho ya manjano. Ngozi zetu nyeusi hizi rangi nyengine huzioni, utaona weusi tu na uvimbe. Wiki 2 hivi inaondoka.

KHAMIS: Na wa kukimbilia hospitali nani?

MARYAM: Paja limekaza kama jiwe, maumivu yanazidi hata umemeza dawa, vidole vinakufa ganzi, huyo aende saa ile ile hata usiku wa manane, maana uvimbe unabana damu isipite na msuli unakufa. Na anotumia wofarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, au kapiga kichwa, asingoje. Haya, na karafuu ulichuma ngapi?

KHAMIS: Kikonyo kimoja. Nlianguka nacho mkononi.