Kujenga paipulaini ya kupeleka mabadiliko kwenye mfumo wenye sehemu nyingi

Karibuni, watazamaji. Katika video hii tutajenga paipulaini, yaani mlolongo wa hatua zinazojiendesha zenyewe, inayochukua msimbo kutoka Git (mfumo unaotunza historia ya mabadiliko ya msimbo), kuupima na kuufikisha kwenye seva bila mtu kunakili faili kwa mkono. Mfano wetu ni mfumo wa kupokea korosho kwenye maghala ya AMCOS (vyama vya ushirika vya masoko ya mazao) hapa Mtwara, wenye sehemu nne: ukurasa wa karani wa mizani, API (programu ya seva inayopokea maombi ya ukurasa na kuzungumza na hifadhidata), hifadhidata ya PostgreSQL, na huduma inayomtumia mkulima ujumbe wa simu mzigo wake unapopokelewa.

Fungua folda ya .github/workflows, ambako GitHub Actions husoma maagizo ya paipulaini, kisha unda faili ya YAML (maandishi ya mipangilio) kwa kila sehemu. Chini ya push, yaani tukio la msimbo kupelekwa GitHub, andika paths na utaje folda ya sehemu husika, ili aliyerekebisha ujumbe wa simu asisubiri majaribio ya ukurasa wa karani. Kazi ya kwanza iwe majaribio. Ya pili, utakayoifunga kwa needs ili isianze kabla ile ya kwanza haijafaulu, ijenge imeji ya Docker, yaani kifurushi chenye programu na vyote inavyohitaji ili kufanya kazi. Imeji ipewe lebo yenye namba ya badiliko la Git, kwa sababu lebo ya latest haikuambii ni msimbo upi unaofanya kazi sasa hivi. Imeji hiyo hiyo iliyofaulu kwenye seva ya majaribio ndiyo iende kwenye seva halisi. Ukiijenga upya, unapeleka kitu ambacho hakijapimwa.

Upelekaji uwe na faili yake: hifadhidata itangulie, ifuate API, ukurasa uwe wa mwisho. Nywila zikae kwenye secrets, sehemu ya GitHub ya kuhifadhi siri, kamwe zisiwe ndani ya msimbo.

Kwenye hifadhidata naomba twende taratibu, maana ndiko mifumo mingi inakoangukia. Tuseme tunataka safu (column) ya uzito iitwe uzito_kilo. Tukibadilisha jina papo hapo, API ya zamani, ambayo bado inahudumia watu wakati mpya inawashwa, itatafuta safu isiyokuwapo na mizani itasimama. Kwa hiyo ongeza kwanza safu mpya, API iandike kwenye zote mbili, nakili kumbukumbu za nyuma, halafu usomaji uhamie kwenye safu mpya. Safu ya zamani iondolewe katika toleo la baadaye. API nayo iendelee kupokea jina la zamani, kwani karani wa Newala aliyefungua ukurasa asubuhi anaweza kuutumia hadi jioni bila kuupakia upya.

Baada ya kila upelekaji, paipulaini iite anwani ya /afya, na anwani hiyo isome kweli kutoka hifadhidata badala ya kujibu tu kwamba seva iko hewani. Jibu lisiporidhisha, iwashe imeji yenye lebo iliyotangulia. Zoezi hili la kurudi nyuma lifanyeni kwenye seva ya majaribio kabla ya Oktoba, minada ya korosho inapoanza.