Skripti Fupi, Dhamana Nzito: Kuandika Mtandaoni kwa Redio za Meshi

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za mchana. Nimeombwa nizungumzie namna mtu anavyoweza kuandika mtandaoni akiwa mahali pasipo na mnara, pasipo na bando, wala umeme wa TANESCO, kwa kutumia redio za meshi, yaani redio ndogo zinazopokezana ujumbe zenyewe kwa zenyewe. Redio yenyewe nitaipitia haraka, maana jambo lililonileta hapa liko kwenye kompyuta inayokaa katikati ya redio na intaneti, tunayoiita daraja, kwenye skripti, yaani programu fupi inayoiendesha, na kwa yule anayeitunza.

Mnakumbuka tarehe 12 Mei 2024, kebo za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ikawa ya kuvizia. Sisi wa mjini tulilalamika sana. Lakini mkoa wetu una vitongoji vilivyojificha nyuma ya vilima vya mawe, ambako kutuma ujumbe ni kupanda kichuguu na kuinua simu juu, na mvua za Desemba hadi Aprili zikijaza makorongo, hata bodaboda wa kupeleka taarifa hapiti. Watu wa huko wana mambo ya kusema: pampu ya kisima imekufa, uwele umeshambuliwa na kwelea kwelea, daraja limeondoka.

Kifaa kinaenea kiganjani: chipu ya LoRa, yaani ya redio inayofika mbali kwa nguvu kidogo, betri, antena, na ukitaka, paneli ndogo ya sola. Programu tunayoitumia ni Meshtastic, programu huria iliyoanzishwa na Kevin Hester mwaka 2020. Unaunganisha simu kwa Bluetooth, unaandika ujumbe, redio inaurusha. Redio nyingine ikisikia inaurusha tena, na nyingine vilevile. Kwa mpangilio wa kawaida ujumbe hurushwa upya hadi mara 3, na ukibadilisha mpangilio, kikomo ni mara 7. Jiwe la kilima huzuia mawimbi, kwa hiyo antena iliyowekwa juu itakufaa kuliko redio yenye nguvu iliyowekwa bondeni.

Kabla hamjaagiza, ulizeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, masafa yanayoruhusiwa na kama kifaa kimeidhinishwa. Vifaa vya soko la Marekani hutumia masafa ya megahezi 902 hadi 928, na hapa kwetu masafa hayo yanagusa yale ya simu za mkononi za megahezi 900. Kifaa cha bei nafuu kinachovuruga simu za majirani hakimsaidii mtu.

Sasa, udogo wa ujumbe. Ujumbe mmoja unabeba baiti 200 na ushee tu, baiti ikiwa kipimo cha ukubwa wa maandishi kwenye kompyuta. Na katika mpangilio wa kawaida wa masafa marefu, ujumbe uliojaa hukaa hewani kama sekunde 2, kisha kila redio inayourudia inakula sekunde 2 zake. Ni kama mkutano wa kijiji: mmoja akisimama kusema, wengine wote wanangoja. Kiswahili kinatufaa sana hapa, kwa sababu herufi zetu zote ni za baiti moja moja. Ila angalieni ritifaa. Ukiandika ng'ombe kwa ritifaa iliyonyooka, ni baiti moja. Simu ikiipinda yenyewe ili ipendeze, inakuwa 3. Emoji moja ya kawaida ni 4. Kwa hiyo skripti ihesabu baiti, isihesabu herufi, na igeuze ritifaa zilizopinda kabla ya kujibu chochote hewani.

Skripti yenyewe ni fupi. Mahali penye intaneti, tuseme ofisi ya kata au duka la pembejeo, unaweka redio moja na kuiunganisha kwa waya wa USB na kompyuta ndogo; Raspberry Pi, kompyuta ya bei nafuu inayoenea kiganjani, inatosha. Hilo ndilo daraja letu. Maktaba ya Meshtastic ya Python, yaani vipande vya programu vilivyo tayari kwa lugha hiyo ya kompyuta, inaita kipande chako cha programu kila ujumbe wa maandishi unapoingia. Unasoma maneno, unasoma namba ya redio iliyotuma, halafu unayapeleka mtandaoni: Mastodon, mtandao wa kijamii unaoendeshwa na seva nyingi, ina njia yake ya kupokea chapisho kwa tokeni, yaani neno la siri la programu, na Telegram ina boti, yaani akaunti inayoendeshwa na programu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaandika hayo kwa jioni moja.

Na hapo ndipo ninapopata wasiwasi, kwa sababu wengi huishia hapo. Wanaacha skripti ichukue kila kinachosikika kwenye chaneli, yaani kundi la redio zinazosikilizana, na kukianika mtandaoni. Mama aliyeandika kwamba mumewe amesafiri na yuko peke yake aliwaandikia majirani zake. Hakuiandikia dunia. Mimi nashikilia hili: hakuna neno linalotoka hewani kwenda mtandaoni bila aliyelisema kuagiza hivyo, kila mara, kwa neno lililo wazi. Sisi tunatumia neno CHAPISHA mwanzoni mwa ujumbe. Bila hilo, skripti inanyamaza. Na mahali redio ilipo hapachapishwi kamwe, hata kama kifaa kinapatuma.

Pili, amri hiyo ije kwa ujumbe wa moja kwa moja kwenda redio ya daraja, isipite kwenye chaneli ya wote. Ufunguo wa chaneli, yaani neno la siri linalofunga ujumbe usisomwe na wengine, unashirikiwa na watu wengi, na mwenye ufunguo huo anaweza kujifanya redio ya mwingine. Tangu toleo la 2.5 la mwaka 2024, ujumbe wa moja kwa moja hufungwa kwa jozi ya funguo za kila kifaa, na skripti inaweza kukagua kama ulifungwa hivyo. Usiofungwa, kataa. Nasisitiza kwa sababu taarifa ya uongo kwamba maji ya kisima fulani yana sumu, ikitoka kwa jina la mwenyekiti wa kitongoji, itawaumiza watu kabla hujaiondoa.

Intaneti ya daraja nayo hukatika. Skripti iandike kila ujumbe kwenye faili kwanza, ijibu IMEPOKELEWA, kisha ijaribu kutuma hadi ifaulu. Chapisho libebe saa ujumbe ulipofika, maana "mto umejaa" ya jana ikisomwa kama ya leo inapotosha. Mastodon inakubali alama ya utambulisho kwa kila ombi, ukirudia ombi kwa alama ileile ndani ya muda mfupi hutoi chapisho mara mbili. Kumbukeni pia kwamba mnachapisha kwa akaunti yenu, na Kanuni za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2020 zinamtazama mwenye kuchapisha. Zisomeni.

La mwisho ni amri ambayo skripti nyingi nilizosoma hazina: FUTA. Aliyeko ng'ambo ya korongo, bila laini, akijutia alichosema, aweze kukirudisha kwa redio ileile. Skripti itunze namba ya chapisho pamoja na namba ya redio iliyoliagiza, ikipokea FUTA iiambie seva iliondoe, kisha imjibu mhusika IMEFUTWA. Nakala zilizokwisha kwenda seva nyingine huenda zisiondoke zote, na hilo aambiwe siku anapokabidhiwa kifaa. Karibuni kwa maswali. Skripti iko wazi kwenye kompyuta hii, njooni tuisome mstari kwa mstari.