Kinyama Kilichotupwa Hakina Majibu

Mama zangu, dada zangu, na ninyi wauguzi na madaktari mliosafiri tangu alfajiri, habari za asubuhi. Kazi yangu ni hadubini. Wagonjwa wangu wengi sijawahi kuwaona sura, naletewa vinyama vyao tu, yaani vipande vilivyokatwa mwilini ili nivipime. Leo nimekuja kuzungumzia vile ambavyo siletewi.

Kuna mama wa miaka 40 na kitu alikuja na uvimbe kwenye titi, palepale penye kovu. Akasema, "Daktari, hiki nilishatolewa mwaka juzi, wakaniambia ni mafuta tu." Tukatafuta majibu ya maabara, hakuna. Kinyama kiliishia kwenye ndoo ya chumba cha upasuaji. Safari hii ilikuwa saratani, na ilishafika kwenye tezi za kwapa. Kile cha kwanza kilikuwa nini? Hatutajua kamwe. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa tuelewane. Uvimbe wa titi unaowapata zaidi mabinti na kina mama wa miaka 15 hadi 35 ni fibroadenoma. Ukiugusa unateleza chini ya vidole kama gololi. Si saratani, na sitaki binti yeyote atoke humu na hofu. Lakini ndani ya gololi hiyo mna mirija, na mirija hiyo imetandazwa seli zilezile ambamo saratani ya titi huanzia. Kwa hiyo hutokea, mara chache sana, chini ya uvimbe 1 katika 100, saratani ikazaliwa humo humo. Wanaokutwa nayo wengi wako kwenye miaka ya 40, yaani miaka kama 20 baada ya ule umri wa gololi. Na nyingi huwa bado changa, hazijatoka nje ya mrija. Hapo ndipo tunapotaka kuikamata.

Tatizo ni kwamba mkono hauwezi kuona ndani ya gololi. Altrasaundi nayo mara nyingi inaonyesha umbo la yai lenye kingo safi, basi. Sindano nyembamba inavuta seli zilizotawanyika. Inaweza kupita pembeni ya mahali penye ubaya, na hata ikipagusa haiwezi kuniambia kama seli zimevunja ukuta wa mrija au bado. Sindano nene inakata kipande chenye umbo lake, hiyo naiamini zaidi. Hata hivyo kuna uvimbe uitwao filoidi, unaokua haraka na kujifanya fibroadenoma, ambao sindano nene pia inaweza kuukosea. Uvimbe uliokuwa kama harage ukawa kama limau ndani ya miezi michache, msiuchunguze kwa macho.

Ndiyo maana tunasema vipimo vitatu: mkono wa daktari, picha na kinyama. Vikikubaliana vyote kwamba ni fibroadenoma, binti wa miaka 20 anaweza kukaa nayo, akarudi baada ya miezi 6 ikatazamwa tena. Kimoja kikipinga, acheni kupiga kura. Viwili havimshindi kimoja. Rudini mchukue kinyama tena, au muutoe uvimbe wote.

Nikishakipata mimi, nakikata vipande vyembamba, nakigandisha kwenye nta, nakipaka rangi za zambarau na waridi. Mrija mzima una safu mbili za seli, ya ndani na ya nje. Nikiona ya ndani imejaa na kuvurugika, naitafuta ya nje. Nikiwa na shaka naomba rangi maalumu ya p63, inayofanya viini vya safu ile ya nje kuwa vya kahawia. Ikiwepo, saratani bado imefungiwa ndani. Ikikosekana, imeshatoka, na matibabu yanabadilika. Tofauti hiyo yote iko kwenye safu moja ya seli! Hakuna daktari duniani anayeiona kwa jicho tupu, awe bingwa kiasi gani.

Najua kinachotukwamisha. Mgonjwa anakabidhiwa chupa aipeleke mwenyewe mjini, nauli hana, ada ya kipimo hana, chupa inakaa dirishani wiki sita. Shirika la Afya Duniani linasema uchunguzi wote, tangu mwanamke afike mara ya kwanza, ukamilike ndani ya siku 60. Kwetu siku hizo zinaliwa na dirisha. Hospitali ndiyo isafirishe vinyama, kwa basi la kila Jumatatu ikibidi, na ada ya maabara iingizwe kwenye gharama ya upasuaji tangu mwanzo. Mama asiulizwe achague.

Na wewe mama, kabla hujalala kitandani, muulize daktari: kinyama changu kinapelekwa wapi, na majibu nachukua lini?

Wauguzi, nimewaletea chupa, ziko meza ya nyuma. Zina mdomo mpana kwa sababu uvimbe haubanwi kuingia. Fomalini, ile dawa ya kuzuia kinyama kisioze, iwe mara 10 ya ujazo wa kinyama. Msitumie maji ya dripu, kinaoza njiani, na msinifungie kwenye glavu. Kwenye fomu andikeni umri, titi la kulia au kushoto, uvimbe umekaa muda gani, na saa kilipoingia kwenye fomalini. Karatasi ibandikwe kwenye chupa yenyewe, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana.