Bibi Aliuliza Kizazi, Nami Nikamjibu Virusi

Asanteni kwa kunikaribisha tena. Mliowahi kunisikia mnajua nitaanzia wapi, na nitaanzia hapo hapo, kwa sababu juzi nimeona bango jipya la chanjo ya HPV, virusi vinavyoambukizwa kwa kujamiiana na kuleta saratani ya mlango wa kizazi. Rangi nzuri, picha nzuri, na kosa ni lile lile: linataja kizazi, halisemi neno juu ya uzazi wa binti. Takwimu za saratani ya mlango wa kizazi mnazo kwenye makabrasha, sitazisoma.

Mwaka 2018, chanjo ilipoanza Tanzania nzima kwa wasichana wa miaka 14, nilikuwa kwenye timu ya uhamasishaji kule Kilosa. Tulikuwa na gari na kipaza sauti. Nilikuwa na maneno niliyoyatunga mwenyewe na kuyapenda: "Wazazi, leteni mabinti tuifungie saratani mlango!" Nikayarudia kijiji hadi kijiji mpaka sauti ikakauka.

Kesho yake tukapanga meza shuleni, chanjo kwenye makasha ya barafu, majina yameshaandikwa na walimu. Ikagonga saa nne na mabinti waliokuja unawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Ndipo akaja bibi mmoja na mkongojo wake, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ni wewe uliyekuwa kwenye gari jana?"

"Ni mimi, bibi."

"Nimekuja kuuliza. Huo mlango mnaoufunga, mjukuu wangu akiolewa nani atakuja kuufungua?"

Nikaanza kumweleza. Kwamba HPV ni virusi, kwamba aina zake ni zaidi ya 100, kwamba aina ya 16 na ya 18 ndizo zinazosababisha takribani asilimia 70 ya saratani hii. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza. Kisha akaniuliza tena swali lile lile, neno kwa neno.

Pembeni yangu alikuwepo mkunga wa zahanati, mama mtu mzima. Akaacha alichokuwa akikifanya, akamshika bibi mkono. "Mama, kizazi hatukigusi. Sindano ni hapa begani. Mjukuu wako ataolewa na atazaa. Tunachozuia ni ule ugonjwa wa kutokwa damu, ule unaowachukua kina mama wakiwa bado wanalea."

Bibi akamtazama, akanitazama mimi. "Sasa mbona jana hamkusema hivyo?"

Akaenda kumleta mjukuu wake. Wengine hawakuja siku ile. Maneno yangu ya kwenye gari yalikuwa yamelala nao usiku kucha.

Jamani, kisikilizeni Kiswahili chetu. Mwanamke aliyefanyiwa upasuaji asizae tena, tunasema amefunga kizazi. Aliyeondolewa mfuko wa uzazi, tunasema ametolewa kizazi. Leo unasimama mbele ya watu hao hao, unatangaza chanjo ya mlango wa kizazi. Wasichana tu, ndio kwanza wanavunja ungo, bure, shuleni, mzazi yuko shamba. Likifika sokoni jina limeshakatwa, imebaki "chanjo ya kizazi". Halafu uvumi wa ugumba ukizuka, tunaandika kwenye ripoti kwamba jamii ina uelewa mdogo. Mimi sentensi hiyo siipokei tena kwenye ripoti ya mtu yeyote ninayemsimamia. Jamii ilielewa vizuri sana kile tulichosema.

Na hofu hii haikuanza na HPV. Wenzetu wa Kenya walikuwa nayo mwaka 2014 kwenye chanjo ya pepopunda kwa wanawake, maaskofu wa Kanisa Katoliki wakaipinga hadharani kwa hoja kwamba inaharibu uzazi. Chanjo ya HPV ilipozinduliwa huko Oktoba 2019, uvumi ulikuta kiti chake kimeshawekwa.

Najua mtakavyonijibu. Mtasema jina ni la Wizara, mabango yameshachapwa. Sijasema mbadili jina la ugonjwa. Nasema sentensi ya kwanza inayotoka kinywani mwako, kabla ya saratani, kabla ya virusi, iwe inahusu uzazi wa binti. Mwingine atasema, kama tulivyofundishwa semina zote, kwamba ukitaja uvumi unausambaza. Hilo nalikubali, ndiyo maana sisemi uutaje. Yule mkunga hakusema "si kweli kwamba chanjo inaleta ugumba". Alisema "ataolewa na atazaa". Tofauti yake ni kubwa kuliko mnavyodhani.

Na leo tuna kitu ambacho mkunga yule hakuwa nacho. Wasichana tuliowachanja mwaka 2018 wakiwa na miaka 14 sasa wamevuka miaka 20. Wako kliniki zenu hapo, wanaleta watoto wao kupimwa uzito. Rwanda walianza mwaka 2011, wakafikia zaidi ya asilimia 90 ya mabinti waliolengwa, na mabinti wale leo ni watu wazima, wanaolewa na wanazaa. Mtafute mmoja kijijini kwako, umwombe kwa hiari yake asimame mkutanoni na mtoto mgongoni. Usimwandikie cha kusema.

Kunyamaza nako kuna gharama. Japani mwaka 2013 ziliibuka taarifa za madhara, serikali ikaacha kuihimiza chanjo, na uchanjaji ukaporomoka kutoka asilimia 70 hivi hadi chini ya 1. Walirudi kuihimiza mwaka 2022. Miaka tisa! Mabinti wa miaka hiyo wameshakua bila kinga.

Naoneshwa saa, basi haya mtakayoulizwa na wazazi nayapitia mbio. "Kwa nini watoto wadogo, si mnawafundisha uzinzi?" Surua tunachanja mtoto akiwa na miezi tisa, kwa sababu kinga hutangulia ugonjwa, hapa ni hivyo hivyo. "Kwa nini dozi zilikuwa mbili, sasa moja, mmeishiwa?" Hapana. Utafiti ulifanyika Mwanza kwa wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, na Kenya ukafanyika mwingine kwa wanawake vijana, ikaonekana dozi moja inatosha. Ushahidi ni wa hapa hapa kwetu, usemeni kwa sauti! Tangu 2024 tunatoa moja, miaka 9 hadi 14. Wanaoishi na VVU utaratibu wao ni tofauti, wanahitaji zaidi ya moja. Hilo naliacha kwa daktari atakayenifuata. Kuzimia: binti akizimia kwenye foleni kwa hofu, shule nzima inakimbia na habari inafika kijijini kabla yenu. Wachanjeni wakiwa wameketi, wakae dakika 15, na mzazi aambiwe mapema.

Sasa kila mmoja atoe kalamu. Geuza kipeperushi ulichopewa mlangoni, nyuma hakina kitu. Andika sentensi ya kwanza utakayomwambia yule bibi, isizidi maneno kumi. Dada wa kitenge cha bluu pale nyuma, tutaanza na wewe.