Majilio na Kiu ya Kujiwa

Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu zangu wa jumuiya, nawashukuru kwa kunialika kuzungumza nanyi katika juma hili la kwanza la Majilio, kipindi cha kujiandaa kwa Noeli. Neno lenyewe nalipenda, kwa kuwa limetokana na kuja, na kuja kunakosemwa hapa ni kumjia mtu: yuko anayejiwa, naye anaona kiu ya kujiwa.

Nabii Isaya alilia, "Laiti ungepasua mbingu, na kushuka." Tukiendelea na sura hiyohiyo, ya 64, tunamsikia akisema "baba yetu" na "sisi sote"; kwa hiyo anayemtamani Mungu pale ni taifa zima, lililotawanyika na kuumizana, na wala si mtu mmoja aliyejifungia chumbani. Mama Kanisa naye anaitunza kiu hiyo. Utukufu, ule wimbo wa sifa wa Misa, hauimbwi katika Dominika hizi nne, na hadi tarehe 16 Desemba masomo yanatuelekeza zaidi kwenye kuja kwa Kristo mwisho wa nyakati, kabla ya kugeukia kuzaliwa kwake Bethlehemu.

Wengi wenu mmekulia mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, hivyo kungoja mnakujua kuliko mimi. Katika usiku usio na mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa inapokuwa ziwani, taa zake ukizitazama kutoka milima ya Mwanza utadhani kuna mji juu ya maji. Alfajiri akina mama wanangoja, lakini hakuna aliyekaa bure: huyu anafagia mahali pa kuanikia, yule anatandaza nyavu kuukuu, na mtumbwi mmoja ukichelewa wote wanatazama majini, hata wale ambao waume zao wamekwisha kufika. Sijaona mfano wa Majilio unaoupita huo.

Nami nikiri jambo. Mdogo wangu anaishi kisiwani Ukerewe. Tulikosana kwa ajili ya shamba la marehemu baba, na kwa miaka miwili nilisali novena ya Noeli, ile sala ya siku tisa, kila jioni pasipo kumpigia simu hata mara moja. Sala zilikuwa kavu, nikadhani Mungu amekaa mbali nami, kumbe mlango niliomfungia ndugu yangu ndio uleule niliotaka Bwana aingilie. Jumamosi ijayo, Mungu akipenda, nitapanda meli ya kwenda Nansio, bandari ya huko Ukerewe. Ameshaambiwa kwamba ninakuja, naye amejibu kuwa ataningoja gatini.