Binti yangu alivyokwenda Japani na shule: pesa, viza na mengine mnayoniuliza

Assalaam aleikum ndugu zangu, hamjambo? Leo nalijibu hili, maana hata nikiweka video ya mapishi mnanirudisha palepale: binti alikwendaje Japani, na nani alilipa? Wengine mmeshasema najionyesha. Sijionyeshi. Tulilipa mimi na baba yake, kwa mafungu, na zamu zangu za usiku za kulea wazee hapa Columbus, Ohio, zilikwenda huko. Shule haikutoa ufadhili. Wanafunzi wa somo la Kijapani hupelekwa Tokyo siku chache, halafu Kanazawa, ambako kila mtoto analala kwa familia ya Kijapani.

Lakini kilichonitoa machozi ni karatasi. Wenzake wana pasipoti ya Marekani, wanaingia Japani bila viza na kukaa hadi siku 90. Yeye alizaliwa Dar, ana pasipoti yetu na grini kadi, kwa hiyo viza lazima. Na kwenye maombi wanataka ratiba ya siku kwa siku na mahali atakapolala, na anwani na simu. Sasa niambieni, anwani ya familia ningeitoa wapi, wakati kampuni ya safari inawagawa watoto wiki chache tu kabla ya kuondoka? Nikipiga simu naambiwa wazazi wengine hawajaulizia. Wataulizia nini, na wao viza haiwahusu?

Mtasema, si uchukue uraia wa Marekani, mtoto aupate kupitia kwako kabla hajafika miaka 18? Ni kweli angeupata. Ila mimi nitapoteza wa Tanzania, kwa sababu sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Wenzetu Wakenya wameruhusiwa tangu katiba ya 2010. Mama yangu yuko Tanga, kiwanja changu kiko Tanga. Kuingia kwetu kama mgeni siwezi, na hili nitaendelea kulisema.

Haya, kina mama mmeuliza chakula. Fomu ya familia ina sehemu ya kuandika mzio na dini. Tuliandika hali nguruwe, hatumii pombe. Wengi huwaza nguruwe tu, lakini kule pombe imo jikoni. Kuna mirin, pombe tamu ya mchele ya kupikia, inatiwa kwenye michuzi mingi, ina kilevi kama asilimia 14, na hata sosi nyingi za soya zimeongezwa alkoholi. Yule mama mwenyeji alilijua hilo kabla hatujamwambia. Binti alinipigia simu ya video, nikamwona mama huyo amepanga chupa mezani, anageuza moja moja, kidole kwenye maandishi ya nyuma, isiyofaa anairudisha kabatini. Hatuelewani hata neno. Niliweka mkono kifuani nikainamisha kichwa, naye akainama.

Kuoga pia walimtanguliza kwa kuwa mgeni. Unajisugua na kujisuuza nje kwanza, ndipo unaingia kwenye beseni la maji ya moto, na maji yaleyale yanawasubiri wengine wa nyumba.

Zawadi nilimfungia khanga na korosho. Nyama ya kukausha msifunge, wanakataza kuingiza nyama, hata ya pakiti.

Kwa wenye watoto wenye pasipoti zetu, haya ni ya kwangu, yako huenda yakawa mengine, kwa hiyo ulizia ubalozini mwenyewe. Ila fungu la kwanza kwetu lilikuwa halirudishwi, basi kabla hujalitoa, tazama pasipoti ya mtoto inaisha lini, na udai kwa maandishi anwani ya familia itatoka lini. Mimi kampuni haikunisikiliza. Mwalimu wake wa Kijapani ndiye aliyeandika barua pepe, na anwani ikatoka wiki ileile. Anzeni na mwalimu.