Mahali pa Data na Mahali pa Mipangilio katika Programu za Seva

Mabibi na mabwana, nashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo waandishi wengi wa programu hulifikiria dakika za mwisho, nalo ni wapi programu ya seva iweke faili zake. Kwangu mimi jibu hutokana na maswali mawili: faili hii inaandikwa na nani, na ikipotea itapatikana tena kwa njia gani?

Kwa upande wa Linux tunao mwongozo wa mpangilio wa saraka, yaani folda, unaojulikana kwa kifupi kama FHS, ambao chimbuko lake ni mwaka 1994 na ambao toleo lake la 3.0 lilitoka mwaka 2015. Mwongozo huo hutenganisha faili zinazobadilika na zisizobadilika, na zile zinazoweza kutumiwa na mashine nyingi na zile za mashine moja tu. Ndiyo maana programu yenyewe hukaa katika /usr, mipangilio ya mashine husika hukaa katika /etc, na data inayozaliwa na kazi ya programu hukaa katika /var/lib. Faili za muda, kama ile inayotaja namba ya mchakato, huwekwa katika /run, na hufutika mashine inapowashwa upya.

Tofauti kati ya /var/lib na /var/cache huonekana ndogo, lakini ndiyo inayoniumiza moyo zaidi inapopuuzwa. Kilichomo katika /var/cache ni kile ambacho programu inaweza kukitengeneza tena yenyewe, kwa hiyo msimamizi ana haki ya kukiacha nje ya nakala rudufu, na hata kukifuta diski inapojaa. Mwandishi anayehifadhi humo kazi za watumiaji amewaweka hatarini bila wao kujua, kwa sababu siku zitakapofutwa, aliyefuta atakuwa amefuata utaratibu.

Tuje kwenye mipangilio. Faili za /etc ni mali ya msimamizi: ndiye anayeziandika, akaweka maelezo yake pembeni ya mistari na pengine kuzitunza pamoja na historia ya mabadiliko yake. Je, programu inayomruhusu mtumiaji kubadili mipangilio ikiwa inaendelea kufanya kazi iandike wapi? PostgreSQL, ambayo ni programu ya hifadhidata, inatupa mfano mzuri. Katika Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, faili ya mipangilio ya postgresql.conf iko chini ya /etc/postgresql, ilhali data iko chini ya /var/lib/postgresql. Mtu akibadili mipangilio kwa amri ya ALTER SYSTEM, faili ya msimamizi haiguswi. Badiliko huandikwa katika postgresql.auto.conf, iliyomo ndani ya saraka ya data, na thamani zake hushinda zile za faili ya kwanza. Upo usumbufu hapo, kwani anayehariri postgresql.conf huweza kushangaa kuona badiliko lake halifanyi kazi. Hata hivyo nauona ni usumbufu mdogo kuliko programu kuivuruga faili iliyoandikwa kwa mkono wa mtu.

Suala la usalama nalo ni zito. Tovuti nyingi hupokea picha kutoka kwa watumiaji na kuzihifadhi katika saraka ileile yenye msimbo wa programu. Mshambuliaji akifaulu kupakia faili ya PHP, yaani ya msimbo ambao seva inaweza kuuendesha, badala ya picha, na seva ikakubali kuitekeleza, mashine imeshaingiliwa. Saraka ya msimbo ikiwa ya kusomwa tu, na picha zikiwekwa mahali ambapo seva haitekelezi chochote, njia hiyo inafungwa.

Kwa anayeanza kuandika programu leo, nashauri asiifunge njia yoyote ya saraka ndani ya msimbo, bali aipokee kutoka nje. Katika mifumo inayotumia systemd, yaani programu inayoanzisha na kusimamia huduma katika Linux, mstari mmoja wa StateDirectory katika faili ya huduma hutosha: saraka huundwa chini ya /var/lib, humilikishwa mtumiaji anayeendesha huduma, na njia yake hukabidhiwa programu kupitia kigeu cha mazingira kiitwacho STATE_DIRECTORY. Ukiongeza mstari wa ProtectSystem=strict katika faili hiyohiyo, karibu mfumo wote wa faili unakuwa wa kusomwa tu kwa huduma hiyo, na programu inayojaribu kuandika pasipostahili itashindwa siku ya majaribio, kabla haijakabidhiwa data ya mtu yeyote.